Meno ya Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki iliyopita mlilifutia vioo kabla hamjanisoma, siwalaumu. Nitawakumbusha kwa ufupi, nanyi mnipe masikio.

Mimi ni daktari wa meno. Nilikuwa na kazi yangu, chumba changu na jina langu mlangoni. Nikaviacha vyote nikarudi darasani kutafuta shahada ya uzamivu ya kunyoosha meno. Si kuyang'oa wala kuyaziba: kuyanyoosha. Unamfunga mtu nyaya mdomoni, unayasukuma meno yake polepole kama mtu anayehamisha kabati bila kutaka jirani asikie, kisha unaandika kitabu kueleza jinsi ulivyosukuma.

Chuo hakitoi shahada hiyo kwa kitabu peke yake. Lazima uwe na wagonjwa wako mwenyewe, uwaanze na uwamalize, na mmoja wao, mtu mzima mwenye meno yaliyoshindikana, umpeleke mbele ya watahini kama mfugaji anavyompeleka ng'ombe kwenye maonyesho.

Wangu alikuwa dada mmoja mwenye mchumba. Wiki iliyopita niliwasimulia alivyokuja kliniki akaniamuru nimvue nyaya kwa sababu ya picha za harusi, akaondoka na meno yaliyofika nusu ya safari. Nilirudi nyumbani nikaanguka kwenye kochi, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa sahani. Ndipo mama mkwe wangu akaweka mkasi chini, akauondoa mkono uliofunika kinywa, akasema, "Na haya yangu je? Au mimi si mtu?"

Lazima niwaeleze mama mkwe wangu ni nani, maana wengine mnaweza kudhani alinionea huruma.

Ni mjane, fundi wa kushona sare za shule. Sebule yake ndiyo karakana yake, na mimi na mwanawe tulikuwa tunaishi kwake, chumba cha nyuma, tukilala na kuamka kwa mlio wa cherehani. Meno yake ya mbele ya juu yalichomoza tangu utotoni, kiasi kwamba midomo haikuwahi kukutana. Akishona, huyabania pini. Akizungumza na watu, mkono wa kushoto hufunika kinywa, na wa kulia huachiwa kazi ya kukuonyesha kosa lako.

Elimu yangu ilimkera. Alisema daktari nilishakuwa, sasa hicho kingine ninachosomea ni nini, u-daktari wa daktari? "Wenzako wanaleta wajukuu," aliniambia siku moja mbele ya wateja, "wewe unaleta shahada."

Tangu niolewe sikuwahi kumwona akicheka. Nilidhani ni chuki. Kumbe nusu ilikuwa chuki, nusu meno.

Mume wangu ni mpima ardhi. Watu wakigombania mipaka humwita yeye, naye huja na kamba na vigingi, akakata shauri. Nyumbani kwake hakuwahi kupigilia hata kigingi kimoja. Nikimlalamikia habari za mama yake hunijibu kwamba meno ya mbwa hayaumani, kisha huuliza kama chakula kiko tayari.

Nilipomwambia kwamba mama yake anataka niwe daktari wake, alifurahi sana. Alisema sasa mtapatana. Wanaume wengine hupima ekari na ekari lakini hawaoni shimo lililo mbele ya mlango wao.

Basi nikampeleka mama kliniki, kwa msimamizi wangu.

Msimamizi wangu ni profesa, na wanafunzi wote humwita Koleo, ila si akiwepo. Kwanza, hatembei bila koleo la kukunjia waya kwenye mfuko wa koti. Pili, akilikamata kosa lako haliachii. Amebuni mkunjo wake wa waya, kijipinda kidogo kama ndoano, ambacho anasema kinarudisha meno yaliyochomoza haraka kuliko njia nyingine yoyote. Mkunjo huo ameupa jina lake mwenyewe. Na tasnifu yangu, kwa bahati iliyopangwa, ilikuwa juu ya mkunjo huo. Ilikuwa nene, lakini ukiikamua inabaki sentensi moja: msimamizi wangu ana akili.

Koleo alimlaza mama kwenye kiti, akavuta taa, akamfungua midomo kwa vidole viwili. Uso wake ukang'aa.

"Mama," akasema, "una mdomo mzuri sana."

Kwa lugha ya idara yetu, mdomo mzuri ni mdomo mbovu. Ukiambiwa mdomo wako wa kawaida, shukuru Mungu, nenda nyumbani. Lakini mama hakuijua lugha hiyo. Tangu afiwe hakuna mwanaume aliyemsifia hata kitambaa cha kichwani. Safari iliyofuata alikuja na gauni jipya.

Kanuni hazikukataza kumtibu mkwe. Zilinyamaza, kama kanuni nyingi. Nilipomuuliza Koleo, alisema mgonjwa ni mgonjwa, tena wa nyumbani hatoroki.

Tukaanza. Nilipomjaza ule uji mzito wa kuchukulia umbo la meno, aliniuma kidole. Alisema ni bahati mbaya. Sanamu ya plasta ilipotoka, nyeupe, na yale meno yametokeza mbele kama watu waliochungulia dirishani, aliitazama kwa muda, akavua mtandio wake akaifunika. Sikuifunua mpaka alipoondoka.

Kisha nyaya. Kila jino likapata kitufe chake cha chuma, na waya ukapita juu yake kama kamba ya kuanikia nguo. Mama akagundua kwamba hawezi tena kubania pini, ikabidi azichomeke kwenye mto mdogo kifuani. Wateja wakiuliza, aliwaambia mke wa mwanawe anafanyia majaribio kwake, panya wamekwisha.

Kila nilipokaza waya, nyumba nzima ililipa. Meno yakimuuma alipika vitu vya kupondwa tu, na alichokula yeye ndicho tulichokula sote. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akirudi kutoka mashambani na kuwekewa bakuli kama mtoto wa chekechea. Alinitazama mimi, si mama yake.

Nyumbani nilikuwa mkwe. Kliniki nilikuwa daktari. Yeye hakuitambua tofauti. Nikiwa nimemwinamia na glavu, mbele ya wanafunzi wadogo waliokuja kujifunza, aliniuliza kama nilianua nguo kabla sijatoka. Mara nyingine alinyanyua kidole, nikadhani anaumia, nikasimamisha kila kitu, kumbe anataka kuniambia kishikizo cha koti langu kimekaa vibaya.

Lakini meno yalirudi. Hilo siwezi kumnyima Koleo. Mwezi kwa mwezi yaliingia ndani kama wageni waliochoka kusimama barazani. Na siku moja, nikiwa nabadilisha vijiraba vya kuvutia meno, mama akafunga kinywa, na midomo ikakutana.

Hakujua mara moja. Alihisi kuna kitu, akapeleka vidole pale, akagusa. Akaomba kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, akafunga mdomo, akafungua, akafunga tena. Kisha akaniomba tusipite njia ya mkato kurudi nyumbani, tuzunguke, tupite mbele ya duka la fundi mwenzake ambaye hawajasalimiana tangu wagombanie zabuni ya sare. Tulipofika pale alisimama, akamsalimia vizuri, akaendelea na safari yake midomo imefungwa kama bahasha.

Jioni hiyo alicheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alinicheka mimi, kwa namna ninavyokunja shuka. Nami nikacheka pia, mjinga mimi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Kila baada ya muda mgonjwa lazima apigwe picha ya eksirei, uone mizizi ya meno inaendeleaje huko ndani. Jino ni kama kigingi: unachokiona juu ni kidogo, kinacholishika kiko chini. Nikaipiga picha ya mama, nikaiweka kwenye taa, nikaiondoa, nikaiweka tena. Mizizi ya meno ya mbele, iliyokuwa mirefu tulipoanza, ilikuwa imefupika na kuwa butu. Nguvu ya waya ilikuwa ikiyarudisha meno huku ikiila mizizi.

Huwatokea baadhi ya watu, si kila mtu. Ndiyo maana kuna utaratibu wake: unamweleza mgonjwa, unapumzisha meno kwa miezi kadhaa, na ikizidi unaacha.

Nikampelekea Koleo ile picha. Aliitazama haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Akauliza kama mgonjwa analalamika maumivu. Nikasema hapana. Akauliza kama meno yanacheza. Nikasema kidogo. Akasema kidogo si neno la kisayansi.

Nikamwambia nadhani mkunjo unasukuma kwa nguvu mno.

Naomba mnielewe. Hilo lilikuwa sawa na kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ana pua mbaya. Koleo aliweka chombo chake mezani polepole. Akaniambia kwamba mkunjo umesafiri nchi nyingi kwenye makongamano na hakuna aliyewahi kuusema vibaya. Akaniambia mizizi ya mama wa umri ule ingeweza kufupika hata kwa kutafuna. Akaniambia mtihani uko karibu, mtahini wa nje ameshaalikwa, na mgonjwa mwingine sina.

"Endelea," akasema. "Na usimtie mtu mzima hofu kwa kitu ambacho macho yake hayaoni. Wala usikiandike bado. Nitakuambia lini."

Kila ninachoandika kwenye faili la mgonjwa lazima yeye asaini. Kwa hiyo sikuandika. Niliogopa, basi. Nilikuwa nimebakiza hatua chache, na mtu akibakiza hatua chache huwa mwoga kuliko aliyeko mwanzo wa njia.

Lakini kunyamaza nako kulinishinda. Ni mdomo wa mama wa mume wangu. Ninakula naye.

Siku ya mapumziko, mchana, nikamkuta jikoni anachambua mboga. Mume wangu alikuwa pale pale, anapiga pasi shati juu ya meza. Nikakaa, nikamweleza mama kila kitu. Mizizi inafupika. Tukiacha sasa, meno yatabaki imara lakini yatakuwa bado yamechomoza kidogo. Tukiendelea, huenda tukayamaliza vizuri, na huenda siku za mbele yakalegea, yakadondoka kabla ya wakati wake.

Akauliza kama profesa anajua. Nikasema anajua. Akauliza amesemaje. Nikasema amesema tuendelee.

"Na wewe?"

Swali hilo sikulitarajia. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nasemaje. Nikamjibu kwamba ningekuwa mimi, ningeyapumzisha kwanza, na yasipotulia ningeacha.

Aliendelea kuchambua mboga. Mume wangu alikuwa ameinamia kola ya shati kana kwamba shahada ni ya kwake na mtihani ni wa pasi.

"Siku ya harusi yangu," mama akasema, "mpiga picha aliniambia nifunge mdomo. Nikamwambia nimefunga."

Akang'oa jani bovu, akalitupa.

"Sina picha hata moja ambayo sikuziba uso. Wewe yapumzishe, ukimaliza uendelee. Yakidondoka, yadondoke yakiwa yamenyooka."

Mume wangu alicheka mpaka akaisahau pasi, harufu ya shati ikatushtua. Mama naye akacheka. Nami nilicheka huku machozi yananitoka, na niliondoka jikoni nikiwa nampenda yule mama. Nakiri hilo mbele yenu nyote, na aibu yake nitaibeba mwenyewe.

Nikafanya kama tulivyokubaliana. Nikautoa mkunjo wa Koleo, nikaweka waya mlegevu usiosukuma kitu chochote, na meno yakapumzika. Koleo akiuliza, nilimwambia tunakwenda polepole. Miezi ikapita, meno yakakaza. Nikaanza tena kwa waya laini, nikiyabembeleza badala ya kuyasukuma, na picha iliyofuata ikaonyesha mizizi imebaki pale pale. Mifupi, ndiyo, lakini haikuendelea kuliwa. Meno yenyewe yalikuwa yamejipanga kama sare alizoshona mwenyewe.

Nikadhani nimevuka mto. Kumbe nilikuwa bado natafuta pa kuvulia viatu.

Hospitali moja ya mji mwingine, mbali, safari ya siku nzima, ikaniambia kwamba nikifaulu wananichukua. Ningekuwa mnyoosha meno wa kwanza pale. Nyumba ipo. Mume wangu naye angepata kazi, maana mji ule unapanuka na kila mtu anagombana na jirani yake juu ya mpaka.

Nikawaeleza wote wawili tukiwa mezani. Mume wangu alisema tutaona. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, hata ukimwambia nyumba inaungua.

Mama alikusanya makombo ya mezani kwa kiganja. Kisha akauliza kama huko kuna mafundi wa nguo. Nikasema wapo, tena wengi. Akauliza kama watu hukaa huko moja kwa moja au hurudi. Nikasema wengi hukaa.

"Basi hamtakosa kitu," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Nilichukulia kuwa ni baraka. Nilishasoma vitabu vizima juu ya meno ya watu. Juu ya watu wenyewe sikuwa nimesoma hata ukurasa.

Siku ya mtihani ikafika.

Chumba kilikuwa kile cha mikutano cha idara. Meza ndefu, jagi la maji, ukuta wa kuonyeshea picha, na sanamu za plasta za meno ya mama zimepangwa kwa safu kuanzia mwanzo wa tiba mpaka mwisho. Mgonjwa huwa anasubiri nje mpaka aitwe. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi ya korido na gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, mume wangu pembeni yake na tai.

Mtahini wa nje alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mazoezi chini ya gauni rasmi, na miwani inaning'inia kifuani. Nitamwita Mgeni. Hakugusa maji, hakutabasamu, na hakumkatiza mtu. Nilimwogopa kuliko Koleo.

Koleo alianza kwa kuueleza mkunjo wake, alikoutoa, ulikofika. Alipomaliza ilionekana kwamba meno ya mama yalijinyoosha yenyewe kwa heshima ya profesa. Kisha nikasimama mimi. Nilieleza vizuri. Nilijibu maswali ya taya, ya ufizi, ya pembe za meno. Mmoja wa walimu alinikonyeza kwamba mambo ni mazuri.

Ndipo Mgeni akavaa miwani.

"Picha ya mwisho ya mizizi iko wapi?"

Nikamwona Koleo akinitazama, kisha akitazama jagi. Picha ilikuwepo. Ningeificha ningefukuzwa, na isitoshe sikutaka kuificha. Nikaionyesha ukutani, ile ya mwanzo upande wa kushoto, ya mwisho upande wa kulia. Hata aliyesomea kilimo angeona tofauti.

Mgeni alisimama, akaisogelea, akarudi kukaa. Akauliza ni lini hali hii ilionekana mara ya kwanza. Nikamwambia. Akamgeukia Koleo, akamuuliza msimamizi alisemaje.

Koleo alitoa miwani yake mfukoni. Akaifuta. Akaivaa. Akaitazama ile picha kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

"Kusema kweli," akasema, "hata mimi hii naiona leo."

Nimesikia watu wakisema waliposalitiwa dunia ilizunguka. Yangu haikuzunguka. Ilisimama kabisa, nikasikia feni.

Nilitaka kusema kwamba anadanganya. Lakini mwanafunzi akimwita profesa mwongo mbele ya mtahini, hata akiwa na haki, anaondoka na haki yake na begi lake. Nikasema tu kwamba nilichukua hatua: niliyapumzisha meno, nilibadilisha waya, na mizizi ilitulia. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akasema hilo analiona na ni kazi nzuri. Moyo ukanirudi mahali pake. Ulikaa kidogo tu.

"Mgonjwa alielezwa?"

"Ndiyo."

"Imeandikwa wapi?"

Nikasema haikuandikwa. Nilimweleza kwa mdomo, naye akaamua kuendelea baada ya mapumziko. Koleo akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mzazi aliyesikia mtoto wake anavuta bangi.

Mgeni hakukasirika. Alisema kilichosemwa kwa mdomo huthibitishwa kwa mdomo, na mwenye mdomo yuko nje. Aitwe.

Nilishusha pumzi. Nitawaambia ukweli, nilifurahi. Kati ya watu wote duniani, shahidi wangu alikuwa mtu ambaye hajawahi kushindwa kusema alichonacho moyoni.

Mama akaingia, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kilicholetwa katikati ya chumba. Nikavaa glavu, nikamfungua midomo, Mgeni akayakagua meno moja moja. Akayagusa kwa mpini wa kioo kuona kama yanacheza. Hayakucheza. Akamwambia mama kwamba yamependeza. Mama akashukuru kwa adabu.

Kisha Mgeni akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mama, mizizi ya meno yako imefupika kwa sababu ya tiba hii. Kuna aliyekueleza hivyo kabla hujaamua kuendelea?"

Mama alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, wala woga. Alikuwa ametulia kama anapochagua kitambaa.

"Hapana," akasema. "Hakuna aliyeniambia kitu."

Nikamwita. Nikamwambia mama, jikoni, ile siku ya mapumziko, wewe ukiwa na mboga. Mgeni akainua mkono, akaniomba nisimsemeshe shahidi. Mama akakunja mikono mapajani. Ndipo nikaelewa kwamba jibu lake halikuwa la swali la Mgeni. Lilikuwa jibu la ule mji wa mbali, nilikotaka kumpeleka mwanawe.

Mgeni akaniuliza kama kulikuwa na mtu mwingine aliyesikia. Nikasema alikuwepo, yuko pale koridoni. Mume wangu.

"Mumeo? Mumeo alikuwa anafanya nini na mgonjwa?"

Nikalazimika kusema. Mgonjwa ni mama mkwe wangu. Walimu wakatazamana. Koleo, aliyesema wa nyumbani hatoroki, alikuwa anachunguza ukucha wake.

Mume wangu akaitwa. Aliingia anarekebisha tai, akasimama kati ya kiti cha mama yake na meza yangu. Katikati kabisa, kama mtu aliyepima. Mgeni akamweleza kwa upole swali ni lipi: mke wako anasema alimweleza mama yako habari za mizizi siku ya mapumziko, mkiwa jikoni, wewe ukiwepo. Ni kweli?

Alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama mbele. Akanitazama mimi, na nilimwona akitafuta usoni pangu ruhusa ambayo sikuwa nayo ya kumpa.

"Siku hiyo," akasema, "mimi nilikuwa kazini. Shambani, napima."

Mwalimu aliyenikonyeza alikuwa ameinamia karatasi zake. Mgeni alivua miwani ikarudi kuning'inia kifuani, akaniambia kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, kwamba kabla hajaandika uamuzi wake ananipa nafasi ya mwisho.

"Daktari, una la kuongeza?"

Nilikuwa nalo. Nikavua glavu, nikaziweka juu ya meza kando ya zile sanamu, nikamgeukia mama mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikumwita mama. Nilichomwambia, wiki ijayo; gazeti msilifutie vioo.